Raymond Dart: Aliyeusoma ubongo wa mtoto wa Taung akapuuzwa miaka 22

RAYMOND Arthur Dart hakusomea kazi ya kutafuta visukuku. Alikuwa daktari na mtaalamu wa elimu ya ubongo, na hata uprofesa aliopewa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, aliupokea shingo upande.

Hata hivyo, ni yeye aliyeutangazia ulimwengu wa sayansi, kupitia jarida la Nature toleo la Februari 7, 1925, kwamba chimbuko la binadamu lilikuwa Afrika, si Ulaya wala Asia. Ushahidi aliokuwa nao ulikuwa mmoja tu: fuvu la mtoto mdogo, lililotosha kukaa kiganjani.

Kwa miaka 22 vigogo wa taaluma hiyo walimpuuza. Walipokuja kukiri kwamba alikuwa amesema kweli, tangazo hilo lilitolewa mjini Nairobi.

Ndoto ya umishenari

Dart alizaliwa Februari 4, 1893 katika kitongoji cha Toowong, Brisbane, nchini Australia, wakati mji huo ulipokumbwa na mafuriko makubwa. Alikuwa mtoto wa tano katika familia ya watoto tisa. Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara na wakulima wacha Mungu, naye ujanani alitamani kwenda China akiwa daktari mmishenari.

Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo kabisa wa Chuo Kikuu cha Queensland, alikosoma zuolojia na jiolojia. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Sydney na kuhitimu udaktari mnamo 1917. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa bado vinaendelea, hivyo akapelekwa Uingereza na Ufaransa kuhudumu katika kikosi cha matabibu wa jeshi.

Vita vilipokwisha alibaki London na kuwa msaidizi wa Profesa Grafton Elliot Smith katika chuo cha University College. Elliot Smith, ambaye pia alikuwa mzaliwa wa Australia, alitambuliwa kote kuwa bingwa wa maumbile ya ubongo. Kwake Dart alijifunza kutambua kila mkunjo na kila mfereji ulio juu ya ubongo, na kueleza jinsi ubongo wa binadamu unavyotofautiana na ule wa sokwe.

Mnamo 1920 alipata ufadhili wa wakfu wa Rockefeller, akaenda Marekani kwa masomo zaidi. Huko ndiko alikokutana na Dora Tyree, mwanafunzi wa udaktari, wakafunga ndoa mwaka uliofuata.

Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilipotafuta profesa wa anatomia, Elliot Smith alimhimiza Dart kuichukua nafasi hiyo. Dart aliona ni kama kupelekwa uhamishoni, mbali na maabara na maktaba za Ulaya. Alifika Johannesburg Januari 1923, majuma machache kabla ya kutimiza miaka 30, akakuta shule changa ya udaktari isiyo na vitabu wala vielelezo vya kutosha. Ikambidi awahimize wanafunzi wake wamletee mifupa na mawe yoyote ya ajabu watakayoyaona.

Masanduku mawili ya mawe

Wito huo ulizaa matunda mnamo 1924. Josephine Salmons, mwanamke wa pekee katika darasa lake, alimweleza kuhusu fuvu lililogeuka jiwe aliloliona nyumbani kwa mkurugenzi wa kampuni ya Northern Lime, likiwa limewekwa kama pambo. Lilikuwa fuvu la nyani wa kale. Lilikuwa limetoka katika timbo la mawe ya chokaa huko Taung, magharibi mwa Johannesburg, ukingoni mwa jangwa la Kalahari.

Dart aliomba atumiwe mawe mengine ya aina hiyo. Mwanajiolojia R. B. Young, aliyekuwa akienda eneo hilo kwa shughuli zake, alikubali kumsaidia. Mwishoni mwa Novemba masanduku mawili yakafika nyumbani kwa Dart.

Kwa mujibu wa tawasifu yake, siku hiyo kulikuwa na harusi kwake, naye alikuwa mpambe wa bwana harusi. Alikuwa akivaa mavazi yake rasmi masanduku yalipoletwa. Alishindwa kusubiri, akayafungua papo hapo huku bwana harusi akimsihi aharakishe.

Sanduku la kwanza halikuwa na cha maana. Katika la pili, juu kabisa, aliona jiwe lenye umbo la ubongo.

Ubongo wenyewe haugeuki kuwa jiwe. Huoza upesi. Lakini fuvu likibaki pangoni na kujazwa mchanga na maji yenye chokaa, ujazo huo huganda na kuwa mgumu. Kwa njia hiyo jiwe la ndani hunakili alama zilizoachwa na ubongo katika kuta za fuvu, zikiwamo za mikunjo na mishipa ya damu. Watu wengi wangaliona jiwe tu. Mwanafunzi wa Elliot Smith aliona ubongo mkubwa mno kuwa wa nyani, na wenye umbo lisilofanana kikamilifu na la sokwe.

Katika jiwe lingine ndani ya sanduku hilo palikuwa na shimo ambalo ubongo huo ulitoshea barabara. Uso wa kiumbe huyo ulikuwa umefichwa humo. Dart hakuwa na vifaa vya kazi hiyo, kwa hiyo alitumia nyundo, patasi na sindano za kufumia sufu za mkewe alizozinoa. Alikwangua jiwe chembe kwa chembe hadi Desemba 23, uso ulipojitokeza. Ulikuwa uso wa mtoto, mwenye meno yote ya utotoni na magego ya kwanza ya ukubwani yakianza kuota.

Alichokiona Dart

Kiumbe huyo alimpa jina Australopithecus africanus, maana yake sokwe wa kusini kutoka Afrika. Hoja alizozitoa zilikuwa tatu.

Kwanza, tundu la chini ya fuvu ambamo uti wa mgongo huungana na ubongo lilikuwa limesogea mbele. Kwa mnyama anayetembea kwa miguu minne, tundu hilo huwa nyuma. Kwa binadamu liko chini katikati, kwa sababu kichwa hukaa wima juu ya shingo. Kwa hiyo mtoto wa Taung alitembea kwa miguu miwili.

Pili, chonge zake zilikuwa fupi kama za mtoto wa binadamu, wala hazikuwa na ukali wa zile za sokwe.

Tatu, mfereji mmoja ulio sehemu ya nyuma ya ubongo ulionekana kusukumwa nyuma zaidi kuliko kwa sokwe. Kwa maoni ya Dart, hiyo ilikuwa dalili kwamba sehemu za ubongo zinazounganisha yale ambayo macho na masikio yamepokea zilikuwa zimeanza kupanuka.

Ukubwa wa ubongo wenyewe haukuwa wa kushangaza. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa ulikuwa na ujazo wa takriban sentimita 400, na kwamba kama mtoto huyo angekua ungefika kama 440. Ubongo wa sokwe hukaribia kiasi hicho, ilhali wa binadamu wa leo ni wa wastani wa sentimita 1,350 za ujazo.

Hapo ndipo palipokuwa na kiini cha ugunduzi wa Dart. Alikuwa akisema kwamba babu zetu walisimama wima kwanza, na ubongo ukaja kukua baadaye.

Kwa nini walimkataa

Wataalamu wa Uingereza waliamini kinyume chake. Kwao, akili ndiyo iliyotangulia, na mengine yote yakafuata. Ushahidi wao mkuu ulikuwa mabaki ya Piltdown, yaliyotangazwa mnamo 1912 kuwa yalichimbuliwa kusini mwa Uingereza. Kiumbe wa Piltdown alikuwa na fuvu kubwa kama la binadamu na taya kama la sokwe. Aliwapendeza kwa sababu mbili: alikuwa na ubongo mkubwa, na alikuwa Mwingereza.

Miongoni mwa walioyatetea mabaki hayo walikuwa Elliot Smith mwenyewe na Arthur Keith, bingwa wa anatomia ambaye neno lake lilikuwa na uzito mkubwa. Keith alishikilia kwamba mtoto wa Taung alikuwa wa jamii moja na sokwe na gorila. Wengine walisema mtoto wa sokwe daima hufanana na binadamu kuliko sokwe mzima, na kwamba haikufaa kujenga nadharia juu ya fuvu moja la mtoto. Hata jina lililochanganya Kilatini na Kigiriki lilikejeliwa.

Pingamizi hizo hazikuwa zote za bure. Fuvu lilikuwa moja, na umri wake haukujulikana. Lakini nyuma yake palikuwa na dhana ambayo haikuhitaji ushahidi, kwamba jambo kubwa kama kuzaliwa kwa ubinadamu lisingeweza kutokea Afrika. Charles Darwin alikuwa amedokeza mnamo 1871 kwamba huenda chimbuko letu ni Afrika, kwa kuwa ndiko wanakoishi sokwe na gorila. Wengi wa waliojiita wafuasi wake hawakumfuata hadi hapo. Macho yao yalielekea Asia, hasa baada ya fuvu la kale kupatikana karibu na Beijing, China, mnamo 1929.

Nje ya vyuo hali haikuwa nafuu. Dart aliandikiwa barua na watu walioona kuwa amekufuru. Mwaka huohuo wa 1925, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, mwalimu John Scopes alishtakiwa na kutozwa faini kwa kufundisha nadharia ya mageuko ya binadamu.

Mnamo 1931 Dart alilipeleka fuvu London ili wakosoaji wake walitazame kwa macho yao. Alikuta kila mtu akizungumza juu ya visukuku vya China. Siku moja mkewe alilisahau fuvu hilo ndani ya teksi, na dereva akalifikisha kituo cha polisi likiwa salama. Muswada mrefu alioandika kulihusu haukukubaliwa na Royal Society. Dart alirejea Johannesburg na kwa miaka mingi akaacha kusaka visukuku. Nguvu zake alizielekeza kwenye kitivo cha tiba, alichokiongoza kutoka 1925 hadi 1943.

Tangazo la Nairobi

Aliyeendeleza vita kwa niaba yake alikuwa Robert Broom, daktari kutoka Scotland aliyekuwa amezama katika utafiti wa wanyama wa kale. Broom alikuwa amelitazama fuvu la Taung majuma machache tu baada ya kutangazwa, akaamini. Mnamo 1936, akikaribia umri wa miaka 70, alipata kisukuku cha kiumbe mzima wa aina hiyo huko Sterkfontein, karibu na Johannesburg. Miaka miwili baadaye akapata cha aina nyingine huko Kromdraai. Hoja kwamba Taung alikuwa mtoto tu wa sokwe ikaanza kuporomoka.

Mwishoni mwa 1946, Profesa Wilfrid Le Gros Clark wa Chuo Kikuu cha Oxford alisafiri hadi Afrika Kusini kuvichunguza visukuku hivyo mwenyewe. Alikuwa tayari amepima mafuvu mengi ya sokwe ili awe na kipimo cha kulinganishia. Kutoka huko alifululiza hadi Nairobi, ambako Januari 1947 Louis Leakey alikuwa ameitisha kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu historia ya kale. Mbele ya wajumbe hao Le Gros Clark alitangaza kwamba Dart na Broom walikuwa sahihi.

Mwaka huohuo Arthur Keith, akiwa mzee wa miaka 81, aliliandikia jarida la Nature kukiri kwamba Dart alikuwa amesema kweli na yeye alikosea. Ni wanazuoni wachache wa hadhi yake waliowahi kukiri hadharani kwa uwazi kiasi hicho.

Mnamo 1953 Le Gros Clark na wenzake wawili walifichua ukweli kuhusu Piltdown. Yalikuwa mabaki ya kughushi: fuvu la binadamu na taya la orangutangu, vikiwa vimetiwa rangi ili vionekane vya kale. Kwa miaka mingi kisukuku bandia kilikuwa kimetumiwa kukipinga cha kweli.

Makosa ya mshindi

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya kutambuliwa, Dart alirudi kazini kwa ari mpya katika mapango ya Makapansgat, kaskazini mwa nchi hiyo, na humo akapata maelfu ya vipande vya mifupa ya wanyama. Alidai kuwa viumbe hao walikuwa wauaji katili waliotumia mifupa, meno na pembe kama silaha, na kwamba ukatili ndio uliomfanya sokwe kuwa mtu. Mwandishi Robert Ardrey aliieneza nadharia hiyo kwa kitabu kilichosomwa sana mnamo 1961.

Haikudumu. Mtafiti C. K. Brain alichunguza kwa miaka mingi jinsi mifupa inavyokusanyika mapangoni, na mnamo 1981 alichapisha kitabu kinachoonyesha kwamba chui na fisi ndio waliokuwa wakila na kuacha masalia hayo. Viumbe aliowaita Dart wawindaji walikuwa wakiwindwa. Mnamo 1995 Lee Berger na Ron Clarke walitoa hoja kwamba mtoto wa Taung mwenyewe aliuawa na tai.

Lipo kosa zito zaidi. Mtu aliyewataka Wazungu wakubali kwamba binadamu alitoka Afrika hakuwa tayari kuwakubalia Waafrika kazi za mikono yao. Mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alipoeleza mnamo 1929 kwamba majengo ya mawe ya Zimbabwe Kuu yalijengwa na wenyeji, Dart alimpinga hadharani kwa hasira, akishikilia kuwa ustaarabu huo ulitoka ng’ambo. Mnamo 1936 aliongoza safari ya chuo chake hadi Kalahari, ambako jamii ya Wasan walipimwa miili na nyuso zao kunakiliwa kwa plasta kana kwamba ni vielelezo vya maabara. Mkusanyiko wa mifupa ya watu alioanzisha chuoni umezua maswali mazito kuhusu ridhaa ya wale ambao miili yao ilichukuliwa.

Dhana iliyowapofusha wakosoaji wake mbele ya fuvu la Taung ndiyo iliyompofusha yeye mbele ya kuta za Zimbabwe.

Kutoka fuvu hadi jeni

Dart alistaafu mnamo 1958, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanafunzi wake, Phillip Tobias. Mnamo 1964 Louis Leakey, Tobias na John Napier walipotangaza kiumbe mpya kutoka Bonde la Olduvai nchini Tanzania, aliyekuwa na ubongo wa zaidi ya sentimita 600 za ujazo na aliyehusishwa na zana za mawe, ni Dart aliyependekeza jina lake: Homo habilis, yaani mtu hodari wa kazi za mikono.

Katika uzee wake alirudia somo lake la kwanza, ubongo wa mtoto. Mwanawe wa kiume, kutoka ndoa yake ya pili na Marjorie Frew, alikuwa amepata madhara ya ubongo wakati wa kuzaliwa. Kwa takriban miaka 20 kuanzia 1966, Dart alikuwa akitumia sehemu ya kila mwaka mjini Philadelphia, Marekani, katika taasisi iliyoshughulikia watoto wenye matatizo kama hayo. Mbinu za taasisi hiyo zilipingwa na chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo, lakini Dart aliendelea kuiunga mkono.

Aliishi muda wa kutosha kuona mengi aliyoyatetea yakithibitishwa. Mnamo 1978 kikosi cha Mary Leakey kilifukua huko Laetoli, Tanzania, nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita, kabla ya ubongo kuanza kupanuka. Mnamo 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walilinganisha DNA inayorithiwa kwa upande wa mama kutoka watu wa mabara mbalimbali, wakahitimisha kwamba mizizi ya binadamu wote wa leo iko Afrika. Dart alifariki mwaka uliofuata, Novemba 22, 1988, mjini Johannesburg, akiwa na umri wa miaka 95.

Utafiti aliouanzisha haujakoma. Mtoto wa Taung, ambaye Dart alimkadiria kuwa wa miaka sita, sasa anaaminika alikuwa na miaka mitatu au minne alipokufa, zaidi ya miaka milioni mbili na nusu iliyopita. Dean Falk alipinga mnamo 1980 mahali ambapo Dart aliuona ule mfereji wa ubongo, na mjadala huo ukadumu kwa miongo kadhaa. Mnamo 2012 Falk na wenzake walidai kwamba mshono wa paji la uso la mtoto huyo ulikuwa haujaziba, dalili ya ubongo uliokuwa ukiendelea kukua upesi baada ya kuzaliwa, dai ambalo nalo limepingwa na wengine.

Mwaka huohuo wataalamu wa jenetiki walieleza kwamba jeni iitwayo SRGAP2, inayohusika na ukuaji wa seli za ubongo, ilijinakili mara kadhaa katika ukoo wa binadamu pekee. Moja ya nakala hizo, ambayo huchelewesha kukomaa kwa viungio vya seli na kuvizidisha idadi, ilikadiriwa kutokea yapata miaka milioni 2.4 iliyopita. Huo ni wakati ambapo jamaa za mtoto wa Taung walikuwa wakitoweka na Homo akianza kushika nafasi.

Timbo la Taung liliingizwa mnamo 2005 katika orodha ya turathi za dunia. Fuvu lenyewe limehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambako watafiti kutoka pembe zote za dunia hufunga safari kwenda kulichunguza. Njia ya safari imegeuka. Mwaka 1931 Dart ndiye aliyelibeba hadi London, akitafuta wa kumsikiliza.